Maisha ya Fundi Magodoro, Aliyetolewa Kwenye Kwaya kwa Kukohoa

Ndugu na majirani, mliokaa na mliosimama juani, poleni kwa kuja na poleni kwa msiba wetu, mimi ni mdogo wake marehemu, yule wa buchani, mnanijua, na asiyenijua hajawahi kununua nyama nzuri. Familia imenichagua nisome maisha ya kaka kwa sababu sauti yangu haihitaji spika, nikiita wateja asubuhi wanaamka watu wa mtaa wa tatu na mbwa wa mtaa wa nne. Shule sikumaliza, darasa la tatu nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, kwa hiyo haya maneno nimemsemea binti mkubwa wa marehemu akaandika, na kila alipotaka kulainisha neno nilimwambia, mwanangu, andika lilivyotoka.

Kabla ya kuanza niseme lile lisilo kwenye karatasi, ambalo tangu asubuhi mnalinong'ona. Ratiba mliyogawiwa inasema nikimaliza kusoma itaimba kwaya ya asasi, ndio hao vijana wa sare ya bluu waliokaa mbele pamoja na mratibu wao na mpiga picha wao, na shemeji yangu, mjane, amekataa, anataka mume wake aimbiwe na wale wazee na akina mama waliosimama kule kwenye uzio, wale mnaowasikia wakikohoa. Baba mkubwa ameshamkubalia mratibu, kwa kuwa mratibu ameleta turubai na viti, na baba mkubwa akipewa kiti chenye mto anakubali lolote. Wamevutana mpaka chai imepoa, mwisho wakasema mwenye kusoma historia ndiye aamue akifika mwisho, maana atakuwa ameshayasema yote mbele ya watu. Basi rungu ninalo mimi, sikilizeni.

Kaka yetu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1959, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yetu, mtoto wa kwanza wa baba yetu aliyekuwa mlinzi wa ghala na mama yetu aliyekuwa mfua nguo, na siku hiyo alilia kwa nguvu mpaka mkunga akadondosha beseni, na baba, aliyekuwa lindoni upande wa pili wa mji, akainua kichwa akasema, huyo ni wangu. Nyinyi mlizoea kumwona amekonda kama mpini wa ufagio, lakini kifua alichokuja nacho duniani kilikuwa kifua cha kupulizia moto wa mhunzi, Mungu alimpa kizima, hakumpa kibovu.

Alianza shule Januari 1967, ile shule iliyopakana na karakana ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, na kichwa alikuwa nacho, hesabu alikuwa anazifanya kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni, lakini nafasi ya kuendelea mwalimu mkuu akampa mtoto wa dada yake, mtu ambaye mpaka leo akiandika jina lake anatoka jasho, yuko hapa, namwona, karibu sana. Kaka hakulalamika, alisema godoro halimuulizi mtu cheti, na mwaka uliofuata akaingia kazini.

Kazi aliianza Februari 1974, akiwa mwanafunzi wa mzee mmoja fundi magodoro ya pamba katika mtaa wa nyuma ya soko, chumba cha mlango mmoja, dirisha limepigiwa mbao, kwa sababu pamba ikipata upepo inatoka yote kwenda kulala kwa jirani. Humo ndimo alimokaa kutwa, anapasua godoro kuukuu, anatoa pamba iliyoshikana kama uji uliolala, anaichapa kwa fimbo mbili mpaka inafura inakuwa nyeupe, anaijaza upya, anashona pembeni kwa sindano ndefu kama mkono wangu, na ile pamba nyepesi isiyoonekana inaelea chumbani kutwa nzima inatafuta pa kukaa, ikakaa kifuani kwake. Mwaka 1983 alifungua chumba chake mwenyewe kwenye mtaa wa wachomea vyuma, na hapa nasema bila kuongeza hata chumvi ya kidole kimoja, katika mji huu mzima hakuna aliyemfikia, bwana mmoja alilalia godoro la kaka usiku mmoja tu akachelewa harusi yake mwenyewe, ikabidi shangazi zake walinyanyue godoro na yeye juu yake. Watu wakaacha kumwita jina lake, wakamwita Pamba, akazeeka nalo.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Julai 1985, na mchumba alimpata kwa ugomvi, kwa maana shemeji alikuja pale dukani na godoro la mama yake kichwani, akalitupa chini akasema, fundi, humu una bonge, mama yangu analala kama amelalia kiazi, kaka akasema, dada, mimi sijawahi kuacha bonge, shemeji akasema, basi lala wewe. Akalala, akajigeuza, akainuka, akasema, bonge lipo, na itabidi nije kwenu kuomba radhi kwa wazee. Alikwenda kuomba radhi akarudi na mke, na ndiyo mara pekee katika maisha yake kazi yake ilikuwa na kasoro, mimi naamini alifanya makusudi, yeye alikana mpaka mwisho.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa aliyeandika haya ambaye ni karani, wa pili ni fundi wa friji, na kitinda mimba anafundisha watoto wadogo, na wajukuu wako watano, na wote hao, watoto na wajukuu, walilazwa kwa kuimbiwa, kwa sababu kaka alikuwa haongei sana lakini akiimba hata paka wa jirani alikuwa anakaa dirishani.

Kuugua kulianza mwaka 2010 kwa kikohozi cha asubuhi, tukasema mafua, mwaka 2012 akawa hawezi kupanda kizingiti cha duka lake bila kushika ukuta, nikambeba mwenyewe mgongoni mpaka kliniki ya kifua, nikazipita na bodaboda mbili njiani. Daktari akapiga picha, akamkalisha, akamwambia ukweli kama mtu mzima, akasema, mzee, pamba imekushona kwa ndani, hatuwezi kuifumua, tunaweza kukusaidia kuishi nayo. Duka likafungwa, fimbo mbili zikawekwa juu ya kabati, na kaka akawa mtu wa kukaa kitandani anatazama ukuta, anahesabu pumzi kama bahili anavyohesabu vijiti vya kiberiti.

Aliyemtoa kwenye huo ukuta ni muuguzi wa kliniki ile, mama mfupi, yule pale kwenye uzio mwenye mtandio wa kijani, ambaye mwaka 2013 aliona wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi wanasubiri kuitwa, kila mmoja anaogopa kuvuta pumzi asije akakohoa, akawaambia, jamani, kuliko kukaa mnatazamana kama mizigo stendi, tuimbe, wimbo ni pumzi inayotoka polepole, na nyinyi mnachoshindwa ni hicho hicho. Hakuwaambia watapona, hilo mlijue, hakuna aliyedanganywa pale, aliwaambia watapata nafuu ya kupanda ngazi moja zaidi na nafuu ya moyo. Walianza wagonjwa sita, wakapewa chumba walichokuwa wanawekea magongo na viti vya magurudumu, kila Alhamisi mchana, na kaka akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Na jinsi walivyokuwa wanaimba ndiyo kiini cha ugomvi wa leo, kwa hiyo nieleze taratibu hata baba mkubwa aelewe. Wale watu hakuna mwenye pumzi ya kumaliza mstari, kwa hiyo wanakaa wamebanana, goti kwa goti, mmoja pumzi ikimwishia anamgonga jirani yake goti, jirani analipokea lile neno pale pale lilipofika analibeba, akichoka naye anagonga, neno linakwenda mbele wala hujui limepita kwa nani. Na mtu akishikwa na kikohozi hakuna kumgeukia, hakuna kumpigapiga mgongo, wimbo wenyewe unasimama, waliobaki wanashikilia sauti moja tu, wanapokezana, mpaka yule amalize kukohoa, afute mdomo, aingie, ndipo mstari unaendelea. Wimbo mmoja ulikuwa unaweza kwenda mrefu kama treni ya mizigo, na mimi nimewahi kwenda kumchukua kaka nikawakuta kwenye ubeti wa pili, nikaenda kuchinja, nikarudi, wako kwenye ubeti wa pili. Nilicheka, na kaka akaniambia, mdogo wangu, huku hakuna anayeachwa nyuma. Na aliinuka kweli, akawa anakwenda sokoni mwenyewe, akawa anagombana na wauza nyanya, nikajua amerudi.

Kitu kizuri hakikosi nzi, mimi ni mtu wa bucha, najua. Mwaka 2018 alikuja huyu mratibu, kijana wa viatu vya ncha, alitumwa na wafadhili waliosikia kwamba kuna wagonjwa wanaimba, akakaa nao Alhamisi moja, akafuta chozi, akasema hiki kitu ni kikubwa, kinahitaji mfumo. Kikundi kilikuwa hakina hata jina, akakipa jina refu kama mnyororo wa ng'ombe, Asasi ya Sanaa kwa Afya na Ustawi wa Jamii, akaleta kompyuta, akaleta mabango, akamvisha muuguzi kilemba cha ukoka kwa kumwita mwasisi, kisha akamnyang'anya ufunguo wa chumba. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, huyu alikuja mwenyeji akaugua upya.

Mwezi Novemba mwaka huo akawaandalia onyesho kwenye ukumbi wa mikutano, wageni wamekaa na maji ya chupa, na kaka amepewa kuanzisha, akaanzisha vizuri, katikati ya ubeti wa kwanza kikohozi kikamshika, na wenzake wakafanya wanavyofanya siku zote, wakashikilia sauti, wakamngoja. Mratibu alikuwa pembeni ya jukwaa anazungusha mkono kama mtu anayekoroga rangi, malizeni, malizeni, wageni wanatazama saa, na kaka bado anakohoa, na wale bado wanashikilia, mpaka mratibu akamwashiria mtu wa mitambo akafungulia muziki wa redio juu yao, wageni wakadhani wimbo umekwisha, wakapiga makofi. Nilikuwepo, nilisimama nikasema, jamani, hawajamaliza, na mlinzi wa mlangoni akaniomba nikae, na nilikaa kwa heshima ya kaka tu, maana mlinzi mwenyewe nilikuwa namweza kwa kidole.

Wiki iliyofuata mratibu akawaita, akasema wafadhili wameipenda sana kazi, ila ubora wa sauti unahitaji kuinuliwa, kwa hiyo ameajiri waimbaji, na ndio hawa wa bluu, vijana wenye vifua vizima kama ngoma mpya, na wale wanaokohoa wasiwe na wasiwasi, hawajafukuzwa, wao sasa ni wanufaika, watakuwa wanakaa viti vya mbele wanaimbiwa. Kaka akamuuliza, mwanangu, mnufaika ni nani, mratibu akasema, ni yule anayepata faida, kaka akamwambia, mimi faida nilikuwa naipata nikiimba, nikikaa napata kiti, na viti nyumbani ninavyo. Akachukua kofia yake akatoka.

Hebu fikirini, watu wazima, wamesoma mpaka shule zimewachoka, wanaanzisha kwaya ya watu wanaokohoa, halafu wanawatoa humo kwa kosa la kukohoa. Mimi nisiyejua kuandika hata risiti nisingefanya ujinga huo, ni sawa na kufungua hospitali ukaweka walinzi getini wazuie wagonjwa wasichafue mashuka. Na hawakuishia hapo, wakachukua picha ya kaka ameziba mdomo kwa leso, wakaitengenezea bango kubwa, wakaandika chini yake, sanaa imenirudishia pumzi, wakalitundika ukutani pale kliniki, mtu waliyemtoa wenyewe. Kila akienda kuchukua dawa anapita chini ya uso wake mwenyewe, na shemeji alipokwenda kuomba litolewe mratibu alimjibu kwamba ile picha imegusa watu wengi. Shemeji akamwambia, huyo unayesema amewagusa yuko nyumbani, hajaguswa hata na simu yako.

Kaka hakugombana, hiyo ndiyo tofauti yake na mimi, mimi nilitaka kwenda na panga la buchani, akanikataza. Alifungua chumba chake cha magodoro kilichokuwa kimefungwa miaka sita, akamwita kijana wake fundi friji wakang'oa zile mbao za dirishani upepo ukaingia, wakasafisha mpaka kona, akaweka mabenchi, na Alhamisi iliyofuata muuguzi akaja baada ya zamu yake, wakaja na wale wenzake mmoja mmoja, wakipumzika njiani kwa wachomea vyuma, na wachomea vyuma wakazima mashine zao ili wagonjwa waimbe. Bila bango, bila sare, bila mfumo, wameimba humo miaka mitano na zaidi, wengine wametangulia, wengine wapya wameingia, na hakuna hata siku moja mratibu alipofika mtaa ule, viatu vyake haviwezi.

Tangu Januari mwaka huu hali ilishuka, akawa wa mtungi wa oksijeni, hatoki, kwa hiyo kikundi kikahamia chumbani kwake, wakakaa kitandani, sakafuni, mlangoni, na yeye katikati, goti lake limeegemea la mama muuza mkaa ambaye ndiye jirani yake wa kushoto tangu siku za mabenchi ya kliniki. Alikuwa hawezi tena mstari wala nusu yake, alikuwa anatoa neno moja, pengine nusu ya neno, anamgonga yule mama, na wao hawakumruka hata mara moja, zamu yake ikifika wanashikilia sauti wanamngoja mpaka atoe alicho nacho. Alhamisi yake ya mwisho alitoa pumzi tupu, haina neno ndani yake, nilikuwa nimesimama mlangoni, na yule mama aliipokea vile vile kama alivyopokea zote. Kaka yetu alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, nyumbani kwake, juu ya godoro alilolishona mwenyewe, mke wake akimgeuzia mto.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wa kliniki ya kifua kwa kutomdanganya mgonjwa, nawashukuru manesi wa wodini, nawashukuru majirani waliopika na waliochota maji, nawashukuru wachomea vyuma, maana kuzima mashine ukiwa na kazi ya mtu si jambo dogo, nawashukuru wateja wangu wote wa bucha, nao ni zaidi ya nusu ya mji, waliokubali nifunge. Mratibu pia namshukuru kwa turubai, ni turubai zuri, halivuji, na atalikuta limekunjwa.

Nimefika mwisho na ninatakiwa kuamua, na kusema kweli aliyeamua ni mjane, mimi nimebeba tu sauti. Asubuhi mratibu alimwambia, mama, tunataka kumpa mzee heshima ya kitaalamu, itachukua dakika tatu, na shemeji akamjibu, baba, miaka thelathini na minane nimelala ubavuni kwa mtu huyu, nakijua kikohozi chake kuliko jina langu, hao watoto wako wamewahi kumsikia wapi. Mimi sina la kuongeza, na nyinyi mnajua si kawaida yangu.

Kwa hiyo kwaya ya bluu haitaimba. Naomba wale wa kwenye uzio wapishwe waje karibu na jeneza, na kwa kuwa hawawezi kusimama sana watu wa mbele wainuke wawape viti, aanze mratibu kwa sababu ndiye aliye karibu, afuate baba mkubwa, samahani baba, na huo mto uuache. Mpiga picha azime chombo chake. Vijana wa sare sina ugomvi nao, waliitwa kazini wakaja, na kama yuko mmoja anayetaka kumwimbia kaka, avue hilo koti, akae katikati ya wawili wanaokohoa, atulie, atagongwa goti zamu yake ikifika, na akigongwa asitie madoido, abebe tu neno alilopewa.

Na wengine niwaambie mapema kwamba tutachelewa, kwa sababu hawa wakikohoa wimbo unasimama, na leo wana kilio juu ya kikohozi, mwenye safari aondoke sasa, wachimba kaburi wekeni makoleo chini mkae, hakuna atakayewaharakisha hapa, wala mimi.

Kaka, lala kwa amani. Zamu yako ikifika tutakungoja kama kawaida, na tukiona kimya, mama wa mkaa atalibeba neno.